Kuvumwani Nyoofu

Kila mtu katika hifadhi ya mimea mikavu pale chuoni alijua kwamba kuvumwani nyoofu ilikuwa mali ya Bi Lenzi. Hakuipanda yeye. Hakuna mtu anayepanda kuvumwani, ule utando wa majani madogo sana ya kijani unaoota juu ya mawe na magome ya miti mahali penye unyevu. Lakini yeye ndiye aliyeiona kwanza, akaieleza katika jarida, akaipa jina. Kwa miaka kumi na mmoja watu walipomtambulisha ukumbini walianza na mmea huo, kisha ndipo wakataja cheo chake.

Jina la Bi Lenzi alipewa na wanafunzi, kwa sababu ya kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Alikivaa kazini, sokoni, hata harusini.

Kuvumwani nyoofu ilikuwa na ndugu yake wa karibu, kuvumwani ya mkunjo, ambayo ilijaa kila mahali, hadi kwenye ukuta wa choo cha nje. Zikiwa mbichi, huwezi kuzitenga hizo mbili. Zikikauka ndipo kila moja hujitambulisha. Majani ya mkunjo hujisokota ovyo, kama nywele zilizosogezwa karibu na moto. Majani ya nyoofu hubaki yamelala sawasawa juu ya shina, kama kichwa kilichochanwa kwa maji. Hiyo ndiyo tofauti iliyowatenga ndugu hao. Zilikuwapo nyingine mbili, moja ya meno ya ukingoni mwa jani na nyingine ya ukubwa wa seli, lakini hizo zilimtaka msomaji awe na imani kidogo.

Jambo moja lilikuwa la ajabu. Nyoofu ilipatikana mara moja tu, kwenye mwamba mmoja, katika safari moja ya siku tisa za mvua. Watafiti wengine waliufuata mwamba uleule na kila mmoja alirudi na mkunjo mkobani. Bi Lenzi alieleza kwamba nyoofu imetoweka. Alipofika hapo katika mihadhara yake alishusha sauti, na wasikilizaji waliinamisha vichwa kana kwamba wamepewa taarifa ya msiba.

Jumatatu moja alikuwa akimalizia kitabu chake cha kuvumwani, ambacho kilitakiwa kiwandani kwa uchapaji Ijumaa. Kurasa mbili zilitazamana: kushoto mkunjo, kulia nyoofu. Ukurasa wa kulia ulikosa picha ya jani likiwa bichi. Akamwita fundi wa maabara, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akikunja bahasha za karatasi za kuhifadhia sampuli, na kwa hiyo akaitwa Mzee Bahasha.

"Mzee, nikatie kipande cha nyoofu ukiloweke kwenye maji vuguvugu. Nikimaliza simu nitakipiga picha."

Simu ilirefuka. Baada ya simu kulikuwa na kikao, na baada ya kikao chakula cha mchana. Bi Lenzi aliporudi, sahani ya kioo ilikuwa mezani chini ya pangaboi, maji yamekauka, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichojisokota ovyo.

"Umenichanganyia sampuli," alisema. "Hii ni ya mkunjo."

"Hapana, Daktari. Nimeitoa kwenye bahasha ya nyoofu."

"Mzee, mimi ndiye niliyeutambua mmea huu duniani. Nikisema si wenyewe, si wenyewe."

"Sibishi. Naomba tu utazame bahasha."

Alitazama. Bahasha ilikuwa wazi, na kipande kilichokatwa kilikosekana pale pale kilipotakiwa kukosekana. Bi Lenzi alikata kipande kingine kwa mkono wake. Akakiloweka. Majani yalijaa maji yakafunguka. Akakiacha wazi chini ya pangaboi, akavuta kiti, akakaa mbele yake kama mtu anayengoja maziwa yachemke.

Baada ya dakika arobaini ncha ya jani la kwanza iligeuka kidogo. Kisha la pili. Kisha shina zima likaanza kujikunja mbele ya macho yake, polepole, bila haya yoyote.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "sampuli hizi tulizikausha vipi mwaka ule?"

Mzee Bahasha aliweka mkasi chini. "Si ulizileta zikivuja maji? Na ulikuwa na siku tatu tu kabla ya kusafiri kwenda mkutanoni. Nikakwambia kuvumwani hazibanwi kama maua, zinaachwa kwenye bahasha wazi, zikauke kwa hewa. Ukaniambia, 'Mzee, hewa haina haraka, mimi ninayo.' Basi nikazitia kwenye mbao, nikakaza mikanda, nikawasha taa pembeni. Imeandikwa katika daftari la kukaushia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, Daktari? Agizo lilikuwa lako."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Jani lililokauka likiwa limebanwa kati ya mbao mbili halina nafasi ya kujikunja. Hiyo ndiyo siri yote ya kuvumwani nyoofu. Haikutoweka kutoka kwenye mwamba ule. Haikuwahi kuwapo.

Mzee Bahasha alikohoa. "Yule binti wenu aliniuliza jambo hilihili."

"Binti yupi?"

Lakini alimjua. Shingo ilikuwa imeshaanza kumchoma.

"Kidoti. Wakati ule anaandika tasnifu yake. Akaja kuomba daftari la kukaushia. Nikamwambia, kamwulize mama yako mkubwa, mimi ni mtu wa bahasha tu. Nikamfukuza kwa mzaha." Akaokota mkasi wake. "Ningempa tu."

Kidoti alikuwa mtoto wa mdogo wake Bi Lenzi. Jina hilo lilitokana na doa jeusi chini ya jicho lake la kushoto. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akikaa chini ya meza ya mama yake mkubwa na kuomba aazimwe kioo. Alipofika shahada ya uzamili alichagua kuzilinganisha kuvumwani hizo mbili, ingawa za nyoofu Bi Lenzi alimruhusu kuzitazama tu bila kuzigusa, na chuo, kwa kuwa hapakuwa na mtaalamu mwingine wa kuvumwani, kilimweka Bi Lenzi kuwa mtahini.

Jioni hiyo Bi Lenzi aliitoa tasnifu kwenye rafu. Haikumchukua muda kupata ukurasa. Kidoti alikuwa ameandika hivi: "Huenda tofauti hii imetokana na namna sampuli za mwanzo zilivyokaushwa. Jambo hili halikuweza kuthibitishwa." Pembeni, kwa kalamu nyekundu na kwa mwandiko ambao Bi Lenzi asingeweza kuukana, palikuwa na maneno matatu: "Uvivu wa kutazama."

Alikaa na ukurasa ule mapajani. Alikumbuka ukumbi siku ya utetezi wa tasnifu ile. Alikumbuka mdogo wake katika safu ya nyuma, amevaa gauni jipya, amepakata boksi la keki. Kidoti aliuliza kwa adabu, "Je, sampuli za mwanzo zilikaushwa vipi?" Naye akajibu, "Zilikaushwa kama sampuli zinavyokaushwa, binti. Swali linalofuata." Watu wakacheka. Alipomfelisha aliona fahari kidogo. Ilikuwa imesemwa chuoni kwamba angempendelea mtoto wa ndugu yake. Sasa hakuna ambaye angesema. Mdogo wake alitoka na boksi lake la keki bila kulifungua, na tangu siku hiyo, kwa miaka sita, dada hao wawili walikuwa wakikutana misibani tu na kupeana mikono kama majirani wa mtaa wa pili.

Lakini hayo yote alikuwa akiyajua siku zote. Kilichomnyima pumzi jioni ile ni kingine. Swali la Kidoti lilipotamkwa ukumbini, aliziona zile mbao. Aliziona kwa nukta moja, na mikanda yake, na taa ya pembeni. Na akazifukuza. Watu husema wamesahau. Yeye hakusahau. Aliamua kutokumbuka, akaamua haraka, mbele ya watu sitini, huku akitabasamu.

Siku mbili zilizofuata alirudia jaribio kwa kila sampuli, akitumaini kwamba hata moja ingebaki imenyooka. Zote zilijikunja. Alipima meno ya majani, alipima seli, akakuta vipimo vya ndugu wawili vinaingiliana kama vidole. Mara mbili alifungua barua pepe ili apeleke kitabu kama kilivyo. Nani angejua? Mzee Bahasha alibakiza miezi minne astaafu, na hakuwa mtu wa maneno. Mara mbili aliifunga. Alhamisi asubuhi alivua kioo shingoni, akakiweka kwenye droo, akaenda mjini kwa miguu.

Kidoti alikuwa akifanya kazi katika duka la rangi za nyumba. Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi hadi ifanane na kipande alicholeta mteja: kigae, kitambaa, mara nyingine ganda la ukuta. Bi Lenzi alimkuta amesimama mlangoni kwenye mwanga, ameshika ubao, na mteja mwanamume anamlalamikia.

"Dada, hii si yangu. Yangu imeiva zaidi."

"Yako ni kavu, hii bado mbichi," Kidoti alisema. "Rangi mbichi inadanganya. Ngoja ikauke, halafu ndiyo unigombeze."

"Nangoja mpaka lini?"

"Dakika kumi. Au umeacha ugali motoni?"

Mteja akacheka, akaenda kukaa juu ya kopo. Kidoti akageuka, akamwona mama yake mkubwa. Uso wake haukubadilika. Ulifungwa tu, kama dirisha.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Unataka rangi?"

"Nimekuja kukwambia jambo."

"Sema, nasikiliza. Ila nikiitwa nitaondoka."

Bi Lenzi alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, yenye utangulizi na mpangilio. Yote yalimtoka. "Nyoofu haipo," alisema. "Tulizibana kwenye mbao zikiwa mbichi. Nimezilowesha, zimejikunja zote. Ulichoandika ni kweli."

Kidoti aliutazama ule ubao mkononi mwake. Aliupuliza taratibu.

"Lini umejua?"

Hilo ndilo swali ambalo Bi Lenzi aliomba lisije. Angeweza kusema Jumatatu, na lisingekuwa uongo wa kukamatika.

"Nimethibitisha wiki hii," alisema. "Ila siku ile uliponiuliza, nilikumbuka mbao. Nilikumbuka, nikanyamaza."

Duka lilikuwa na kelele za mashine ya kutikisa makopo. Ilitikisa, ikatikisa, ikazima yenyewe. Yule mteja juu ya kopo alizitazama kucha zake kwa bidii ya mtu anayesikia kila kitu.

"Nilirudi nyumbani nikaacha kuyaamini macho yangu," Kidoti alisema. Hakupandisha sauti. "Unajua maana yake? Mwaka mzima nilikuwa nikiona kitu nauliza mtu wa pembeni: na wewe unaona? Hata taa za barabarani. Mama alidhani nimerogwa."

"Nisamehe, mwanangu."

"Ulinisema ukumbini, unaniomba radhi kati ya makopo."

"Nitasema popote utakapotaka. Kitabu nimeshakizuia. Jaridani nitaandika kwamba nimekosea na kwamba wewe ulisema kabla yangu. Chuoni nitakwenda mwenyewe, hata wakinivua cheo."

"Chuo kitakwambia muda umepita." Kidoti alitoa simu mfukoni mwa aproni iliyotapakaa rangi. Alibonyeza, akaiweka sauti wazi, akamnyooshea. "Anza na huyu. Alikaa safu ya nyuma."

Simu iliita mara nne. Bi Lenzi aliihesabu kila moja.

"Haya, mama," sauti ya mdogo wake ilisema. "Umekula?"

"Ni mimi," Bi Lenzi alisema.

Mlio wa sufuria ukasikika upande wa pili, kama inayowekwa chini.

"Dada. Kuna msiba?"

Hapo ndipo walipokuwa wamefika. Simu ya dada kwa dada ilimaanisha maiti. Bi Lenzi aligeukia ukuta wa makopo, maana hakuwa na pengine pa kuuweka uso wake.

"Hakuna msiba. Nimekuja dukani kwa mtoto. Nilimfelisha kwa kosa langu. Alikuwa sahihi, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekosea, na niliponusa kosa langu nililifunika."

"Kwa hiyo mwanangu alikuwa anaona."

"Alikuwa anaona."

"Na wewe?"

"Mimi sikutaka kutazama."

Mdogo wake alivuta pumzi ndefu. "Nilimwambia mtoto awe na adabu kwako," alisema. "Usiku ule alilia, nikamwambia mama yako mkubwa hawezi kukuonea, ungejitahidi zaidi. Umenifanya nimwambie hivyo mtoto wangu mwenyewe. Nipe nafasi, Dada." Simu ikakatika.

Bi Lenzi alirudisha simu kwa mikono miwili. Alitaka kuketi lakini mteja alikuwa amekalia kopo pekee lililofaa kukaliwa, naye, alipoona hivyo, aliinuka haraka na kumpisha, na huruma hiyo ya mtu asiyemjua ilimzidia.

"Tazama, dada," mteja alimwambia Kidoti kwa sauti ndogo, akiuonyesha ule ubao. "Imekauka. Ni yenyewe."

"Nilijua," Kidoti alisema. Akamfungia kopo lake. Mteja alipoondoka, alifuta mikono, akasimama mbele ya mama yake mkubwa. "Kesho nina nafasi saa nne hadi saa nane. Nataka kuziona mwenyewe. Sitakubali kwa sababu tu wewe umesema."

Ijumaa saa nne kamili alikuwa hadubinini. Mzee Bahasha alimletea daftari la kukaushia bila kuombwa, akaliweka karibu na kiwiko chake, akarudi kwenye kona yake kukunja karatasi ambazo hakuna aliyezihitaji. Kidoti alilowesha, alikausha, alipima meno, alipima seli, akaandika. Bi Lenzi alikaa kwenye stuli ya wanafunzi. Saa moja ikapita, kisha nusu. Hakuthubutu hata kukohoa. Aliona vile vidole vilivyochafuka rangi vikishika kibano kwa wepesi uleule wa zamani, akafahamu kwa mara ya kwanza ukubwa wa kitu alichokivunja. Ujuzi ule ulikuwa umekaa miaka sita ukichanganya rangi za sebule za watu.

"Ni spishi moja," Kidoti alisema hatimaye. "Zote ni mkunjo."

Katika hifadhi ya mimea mikavu hakuna kinachofutwa. Anayegundua kwamba sampuli ilipewa jina lisilo lake haondoi lebo ya zamani. Huandika kijikaratasi kipya chenye jina sahihi, jina la aliyeitambua na tarehe, na kukibandika chini ya kile cha kwanza, ili yeyote atakayefungua bahasha hiyo miaka mia baadaye asome yote mawili, kosa na mwenye kosa, sahihisho na mwenye sahihisho.

Bi Lenzi alichukua kijikaratasi. Aliandika kuvumwani ya mkunjo. Chini yake aliandika jina kamili la Kidoti. Kwenye tarehe aliandika siku ya utetezi wa tasnifu, miaka sita nyuma, akakisukuma mezani kwa ncha ya kidole. Alikuwa amelifikiria jambo hilo usiku kucha. Lilikuwa kitu pekee alichoona anaweza kukirudisha.

Kidoti alikisoma. Akakichana vipande viwili, si kwa hasira.

"Siku hiyo hukuniruhusu kuzigusa. Nimezitazama leo. Andika leo."

"Nilitaka ionekane ulitangulia."

"Najua ulichotaka. Ni tarehe ya uongo, Mama Mkubwa. Hapo pana uongo wa kutosha."

Uso wa Bi Lenzi uliwaka hadi masikioni. Hata katika kuomba radhi alikuwa amekimbilia kubana kitu kilale anavyotaka yeye. Alivuta kijikaratasi kingine. Aliandika tarehe ya siku hiyo, na miaka sita ikabaki wazi kati ya lebo yake na lebo ya mtoto wa mdogo wake, mahali ambapo kila mtu angeweza kuihesabu.

Kidoti alitazama saa ya ukutani, akafunga vifungo vya koti lake. "Zipo bahasha ngapi za nyoofu?"

"Arobaini na mbili," Mzee Bahasha alijibu kutoka konani.

"Basi mna kazi." Alifika mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa. "Jumatatu nitapita nione kama zimebandikwa zote. Nitatazama moja moja."

"Karibu," Bi Lenzi alisema.

Kidoti alizungusha kitasa akatoka. Nyayo zake zilishuka ngazi. Mzee Bahasha alileta gundi na rundo la vijikaratasi vyeupe, akavuta kiti ili asaidie kuandika, lakini Bi Lenzi alimzuia kwa kiganja.

"Acha, Mzee. Hizi niandike mwenyewe."

Akafungua bahasha ya pili. Lebo ya juu ilikuwa na jina lake, kwa wino mweusi, kwa herufi kubwa za miaka kumi na mmoja iliyopita. Aliisoma yote, hadi mwisho, kisha akainama akaanza kuandika chini yake.